Nimealikwa harusi ya Wakodava. Je, hawa ni Waarabu wa India?

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Tanga, nasoma shahada ya uzamili Mysuru, India. Rafiki yangu wa darasani ni Mkodava. Anaolewa Desemba hii kwao Kodagu, wilaya ya milimani, na amenialika nikalale kwao siku tatu. Amenionyesha picha za harusi ya kaka yake: wanaume wamevaa kitu kama joho jeusi, mkanda mwekundu kiunoni, jambia mbele, kilemba kichwani. Mwenzangu mmoja wa hosteli anasema hao ni Waarabu waliopotelea milimani wakaacha dini. Mwingine ananitisha: eti kila nyumba ina bunduki, na harusi yenyewe haina kuhani wala moto kama za Wahindu wengine, kwa hiyo si ndoa hasa, ni karamu ya nguruwe na pombe tu. Mimi ni Muislamu, navaa ushungi. Rafiki yangu ni mtu mwema sana kwangu na sitaki kumvunja moyo, lakini naogopa chakula, naogopa kukosea mila, na hizo bunduki pia zinanitia wasiwasi. Niende? Nikienda nivae nini, nitoe nini?*

Marahaba, binti yangu. Nenda.

Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Mengine yanataka nafasi, maana naona umefunga hofu tatu katika kanga moja: hofu ya watu usiojua asili yao, hofu ya silaha, na hofu ya kumkosea Mola wako au mwenyeji wako. Wenzako wa hosteli wamekupa habari nusu nusu, na habari ya namna hiyo inatisha kuliko kutojua kabisa.

Nianze na Uarabu, kwa sababu naona ndio uliokuvutia. Hadithi hiyo si ya mwenzako wa hosteli peke yake; ina umri mrefu, na ina ndugu zake. Wapo wanaosema Wakodava ni kizazi cha askari wa Alexander waliobaki nyuma, na wapo wanaowatafutia asili Uajemi au kwa Wakurdi. Nami nilipofika kule mara ya kwanza niliuliza maswali hayo hayo, na wazee wakanijibu kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kuulizwa mara mia. Hadithi zote hizi zina mzizi mmoja: mtu anaona vazi lisilofanana na la majirani, basi anatafuta nchi ya mbali ya kulipeleka.

Ukitaka kujua watu wametoka wapi, nguo itakudanganya upesi. Nguo hununuliwa. Sisi wa Pwani tumevaa kanga zilizochapwa India kwa miaka mingi, na hakuna aliyetuambia kwa sababu hiyo kwamba mababu zetu walitoka Gujarat. Sikiliza lugha kwanza, tena maneno ambayo mtoto huyajua kabla hajajua kununua: hesabu, viungo vya mwili, majina ya jamaa. Mwombe rafiki yako akuhesabie tatu, nne, tano kwa Kikodava, lugha wanayoiita Kodava takk. Atasema mund, naal, anji. Kisha mwombe mtu wa jimbo jirani la Kerala akuhesabie kwa Kimalayalam. Utasikia munnu, naalu, anchu. Hapo huna haja ya profesa. Kikodava ni lugha ya jamii ya Kidravidi, ndugu wa Kimalayalam, Kitamil na Kikannada, na kiini chake hakina dalili ya Kiarabu. Huandikwa zaidi kwa hati ya Kikannada, na Yunesko imeiweka katika orodha ya lugha zilizo hatarini.

Sasa nguo yenyewe, kwa kuwa najua utaitazama sana. Lile unaloliita joho jina lake ni kupya. Ni kweli liko wazi mbele kama joho letu, lakini mikono yake hukomea kwenye kiwiko na upindo wake huishia karibu na magoti. Chini yake huvaliwa shati jeupe la mikono mirefu. Weusi ndio wa kawaida, na bwana harusi huvaa jeupe. Mkanda wa hariri nyekundu wenye nyuzi za dhahabu ni chele. Kisu kilichochomekwa mbele, chenye ala ya fedha na mnyororo, ni peeche kathi. Ukikitazama vizuri utaona ala yake imenyooka, haikupinda kama ya jambia la Kiomani. Kilichopinda ni kingine, odi kathi, panga pana la vita lililojikunja kama mundu, nalo hukaa mgongoni katika kishikio cha shaba. Huenda mshono wa kupya ulipokea kitu kutoka pwani ya Malabar, ambako majahazi ya Waarabu yalikuwa yakitia nanga karne nyingi. Kodagu iko juu tu ya pwani hiyo, na bidhaa hupanda mlima. Ila damu ni jambo jingine. Watu wa pwani hiyo walio na historia ya kuoana na wafanyabiashara Waarabu wapo, wanaitwa Mappila, ni Waislamu, na wengine wao wanaishi Kodagu kwenyewe. Nitawarudia tukifika kwenye chakula.

Ukitaka kuona Uarabu ndani ya milima ile, uangalie kwenye kikombe. Kahawa. Masimulizi ya Karnataka, jimbo lenye Kodagu na Mysuru, yanasema ni hujaji mmoja, Baba Budan, aliyeficha mbegu za kahawa akitoka Yemen katika karne ya 17 na kuzipanda kwenye vilima vya Chikmagalur, kaskazini mwa Kodagu. Mashamba makubwa ya Kodagu yalikuja baadaye sana, katikati ya karne ya 19, chini ya Waingereza. Leo wilaya nzima ni kahawa chini ya miti mirefu, na pilipili manga imeipanda miti hiyo. Wewe wa Tanga utadhani umefika Lushoto.

Basi kama si Waarabu, ni nani? Hapa ndipo penye ufunguo wa kila kitu utakachokiona siku tatu zile, kwa hiyo nivumilie. Neno la kushika ni okka. Okka ni ukoo wa upande wa baba, wote wakimtaja babu mmoja wa mwanzo, karanava. Kila okka ina jina, na jina hilo hutangulia jina la mtu. Ndiyo maana majenerali wawili mashuhuri wa Kikodava, Cariappa, aliyekuwa Mhindi wa kwanza kuliongoza jeshi la India tarehe 15 Januari 1949, na Thimayya, aliyelishika jeshi hilo miaka michache baadaye, wote jina lao linaanza na Kodandera. Watu wa okka moja hawaoani, ni ndugu. Kila okka ina nyumba kuu, ainmane, hata kama watoto wake wote wamehamia Bengaluru. Katikati ya nyumba hiyo kuna ukumbi wenye taa ya kuning’inia, na nje, hatua chache, kibanda cha kuwakumbuka wazee waliotangulia. Mkubwa kwa umri ndiye msimamizi wa ukoo.

Ni Wahindu, ndiyo, na mto Kaveri, unaozaliwa Talakaveri kwenye milima yao, ni mama kwao. Kila mwaka katikati ya Oktoba hukusanyika pale chemchemi kungoja maji yabubujike saa iliyotabiriwa. Lakini mzigo mkubwa wa ibada zao uko nyumbani, kwa wazee wa ukoo. M. N. Srinivas, mwanaanthropolojia aliyezaliwa hapo hapo Mysuru unaposoma, aliandika juu ya Wakodava utafiti uliochapishwa mwaka 1952, na mpaka leo mtu akitaka kujua namna okka inavyobeba dini yao huanzia kwake.

Na kama unadhani okka ni habari ya makumbusho, muulize rafiki yako kuhusu hoki. Tangu 1997, yalipoanzia kijiji cha Karada kwa timu 60, wana mashindano ambayo kila timu ni okka moja. Siku hizi timu zinazidi 300. Shangazi, mpwa, babu mwenye goti bovu, wote uwanjani kwa jina la nyumba moja. Sijaona mahali pengine ukoo ukihesabiwa kwa magoli.

Sasa turudi kwenye harusi, na lile neno kwamba "si ndoa hasa". Mwenzako amekosea, na kosa lake linaeleweka. Katika harusi nyingi za Kihindu alizoziona, Brahmini, yaani kuhani, husoma, moto huwashwa, na maharusi huuzunguka. Akikosa moto na Brahmini, anaona pengo. Kwa Wakodava hakuna pengo, kwa sababu kazi ya kuhalalisha ndoa iko mikononi mwa watu wengine: wazee wa okka mbili, na mtu anayeitwa aruva. Aruva ni nani? Neno letu lililo karibu zaidi ni mshenga, ila aruva ni mshenga wa kudumu. Ni mtu wa ukoo rafiki anayesimama badala ya familia katika mambo mazito, harusi na msiba pia. Usiku wa harusi, pande mbili husimama zikatazamana, na maaruva huulizana na kujibizana kwa maneno ya kale, huku vijiwe vinavyowakilisha dhahabu vikipita mkono hadi mkono. Shughuli hiyo huitwa sammanda. Hapo ndipo bibi harusi anapopewa haki katika nyumba anayokwenda. Wageni wengi wakati huo wako kwenye chakula au ngoma, wanaikosa. Wewe usiikose. Mwombe mama mkubwa wa rafiki yako akutafutie nafasi ya kusimama karibu.

Kisheria pia usiwe na shaka. Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya mwaka 1955 inatambua ndoa iliyofungwa kwa desturi za upande wowote wa maharusi. Moto si sharti kwa watu ambao desturi yao haina moto.

Nikueleze utakachokiona, ili usije ukashtuka kama mimi. Maharusi huketi kwenye kigoda cha miguu mitatu, wakitazama mashariki. Zamani kila mmoja aliketi kwao kwanza. Siku hizi mara nyingi ni ukumbi mmoja. Mtu wa kwanza kuwabariki ni mama. Huchukua mchele mbichi na kuwanyunyizia magotini, mabegani, kichwani, akawanywesha funda la maziwa kutoka kindi, birika la shaba lenye mdomo mrefu, kisha akaweka sarafu mkononi. Baada yake ni foleni ya ndugu wote, halafu wageni. Ule mkufu ambao katika harusi nyingi za Kihindu mume ndiye humfunga mke, hapa ni mama mzazi anayemvisha binti yake. Mimi nalipenda sana jambo hilo, ingawa sikuulizwa.

Upande wa bwana harusi ukiwasili, utaona mashina ya mgomba yamesimikwa ardhini, na wanaume wa heshima wanaitwa mmoja mmoja wayakate kwa pigo moja la odi kathi. Ni salamu ya ushujaa. Shina la mgomba ni laini, ila kulikata pigo moja mbele ya wakwe mia tatu si kazi ndogo, na anayeshindwa huchekwa mwaka mzima.

Baadaye bibi harusi huenda kisimani, akajaza maji, akajitwisha kichwani arudi nayo nyumbani. Mara ya kwanza nilipoiona hatua hii niliamini ugomvi umezuka: ndugu wa mume wamejipanga mbele yake wanacheza ngoma, hawampishi, na binti wa watu amesimama na mtungi kichwani. Ikapita nusu saa. Ikapita saa. Nikamgusa jirani yangu bega, "Mbona hawamwonei huruma?" Akacheka mpaka akakohoa. Ndiyo mila yenyewe: wanamzuia kwa ngoma kumpima uvumilivu wake, na inaweza kwenda saa kadhaa. Wewe uliyekulia ambako bwana harusi hafunguliwi chumba mpaka atoe kifungua mlango utaelewa utani huo mapema kuliko nilivyoelewa mimi.

Haya, bunduki. Hapa mwenzako hakukudanganya. Nyumba nyingi za Wakodava zina bunduki, na zina haki hiyo kwa njia ya pekee nchini India. Baada ya maasi ya 1857 Waingereza walipowanyang’anya Wahindi silaha, Wakodava walisamehewa, mwaka 1861, kwa sababu mtawala aliwahesabu kuwa waaminifu kwake. Nasema wazi kwamba msamaha ule ulikuwa zawadi ya mkoloni. Wapo Wakodava wasiopenda kusikia hivyo. Serikali huru iliuendeleza. Mwaka 2019 ukaongezwa hadi 2029, ukapingwa mahakamani, na Mahakama Kuu ya Karnataka ikaukubali mwaka 2021. Unawahusu Wakodava na wenye ardhi za jamma, zile ambazo wafalme wa zamani waliwapa watu kwa malipo ya utumishi wa kivita.

Silaha kwao si kitu cha kutishana. Mtoto wa kiume akizaliwa, mlio wa bunduki hutangaza, na mkononi mwake huwekwa upinde mdogo wa kijiti cha mbarika. Mtu akifa, milio miwili mfululizo hupeleka habari kijiji cha pili. Mwanzoni mwa Septemba wana sikukuu ya Kailpodh, silaha husafishwa, hupambwa kwa maua na kuwekwa chumba cha ibada. Ua lao la siku hiyo ni lile jekundu-njano lenye petali zilizopinda juu kama ndimi za moto. Linaota pia porini kwetu Afrika Mashariki, nalo ni sumu, usilitafune. Harusi yenu ikiwa imekaribiana na Puthari, sikukuu ya mpunga mpya, utakuta masuke yamefungwa nguzoni, hayo nayo yalikatwa usiku kwa mlio wa bunduki, watu wakipaza sauti "Poli, poli, Deva!", yaani baraka iongezeke, ee Mungu.

Kwa hiyo ukisikia mlio, ujue ni taarifa. Hata hivyo risasi ni risasi. Kaa karibu na akina mama na wazee, si kwenye uwanja ambako vijana wamekwisha kunywa. Na hili nalisisitiza kama mzazi: kijana akikupa bunduki uishike mpige picha, kataa kwa ucheshi. Msamaha wa sheria ni wao, wewe mgeni mwenye viza ya masomo haukufuniki, na picha ya namna hiyo mtandaoni inaweza kukuletea maswali usiyoyataka.

Tuje kwenye dini na chakula. Mimi si shehe, na sitakupa fatwa. Ninaloweza ni kukueleza kila tendo lina maana gani kwao, kisha umpelekee mtu wa elimu unayemwamini, huko Mysuru au kwa simu nyumbani, akuamulie kabla hujapanda basi. Usimpelekee swali la jumla "naweza kwenda harusi ya Wahindu?" Mpelekee matendo yenyewe, kwa sababu hayafanani.

Mchele na maziwa kwa maharusi ni dua ya heri kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Kuinama na kugusa miguu ya wazee ni adabu. Nasi tunasimuliana kwamba shikamoo yetu ilianza na "nashika miguu", kwa hiyo wazo si geni kwako, ila kuinama ni jambo ambalo Muislamu anaweza kulisitia. Ukiweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo hakuna mzee atakayeudhika. Taa ya ukumbini na sahani ya chakula kinachotengwa kwa ajili ya wazee waliokufa, hiyo ni ibada. Hakuna anayetarajia mgeni aishiriki. Simama pembeni, nyamaza, inatosha. Viatu vivue mlangoni.

Nguruwe utamkuta, tena kwa fahari. Pandi curry ni mchuzi mzito karibu mweusi, na bila huo harusi yao ni kama harusi ya kwetu bila pilau. Fahari hiyo inatoka kwenye uwindaji wa nguruwe pori wa zamani, na uwindaji ulikuwa jambo kubwa kiasi kwamba aliyeua chui milia alifanyiwa sherehe kama ya harusi, akaketishwa kwenye kigoda na kubarikiwa, mnyama akiwa kando yake. Hayo yamekwisha, sheria ya wanyamapori ya 1972 ilifunga mlango. Weusi wa mchuzi unatokana na kachampuli, na hapa nikusahihishe mapema maana utaambiwa ni "siki" nawe utadhani ni mvinyo: ni maji ya tunda chachu la jamii ya Garcinia, hukamuliwa na kuchemshwa mpaka yawe mazito kama asali nyeusi.

Tatizo lako la kweli si nguruwe aliye kwenye sahani ya jirani. Ni upawa. Jikoni kwa harusi vyombo huchanganyika, na mpishi mwenye watu mia tano hana muda wa kukumbuka. Basi usingoje siku yenyewe. Mwambie rafiki yako sasa, wiki kadhaa kabla, kwa maneno yaliyonyooka: sili nguruwe, sili nyama isiyochinjwa kwa Bismillahi, sinywi. Karibu kila harusi hualika watu wasiokula nyama, na hao huwa na meza na vyungu vyao. Omba uwekwe huko. Utakula vizuri: kadambuttu, matonge ya mchele uliovunjwa yaliyopikwa kwa mvuke, nooputtu, tambi laini za mchele, akki otti, chapati ya unga wa mchele, na ukibahatika, machipukizi ya mianzi. Ukitaka nyama ya halali kwa zile siku nyingine mbili, katika miji ya Kodagu wapo Mappila wenye maduka yao. Wapo hata Waislamu wanaozungumza Kikodava na kubeba majina ya okka. Na kule Yemmemadu kuna kaburi la walii ambapo Waislamu na Wahindu hufika pamoja. Kwa hiyo ushungi wako hautakuwa wa kwanza kuonekana milimani.

Pombe itapita mbele yako mara nyingi. Sema hapana, pokea juisi, endelea na mazungumzo. Wakodava hawafichi pombe, na kwa hiyo hawaoni ajabu mtu kusema wazi kwamba hanywi. Kinachowaudhi ni mgeni anayekaa akikunja uso kama hakimu.

Mavazi: vaa gauni lako zuri la kitenge la mikono mirefu, au dera zito, na ushungi. Zamani wanawake wa Kikodava nao walijifunga kitambaa kichwani, na siku ya harusi utawaona wazee wakiwa nacho. Sari yao huvaliwa kwa namna yake, mikunjo ikiwa nyuma. Wanasimulia kwamba Kaveri alipogeuka mto na kuwapitia kwa nguvu, mkondo ulizisukuma sari za wanawake mpaka mikunjo ikarudi nyuma, ikabaki hivyo. Rafiki yako akitaka kukuvalisha ya kwao, mkubalie; ila usijifunge mwenyewe kwa kutazama video. Chukua na sweta. Usiku wa Desemba Madikeri, mji mkuu wa Kodagu, ni baridi ya kweli.

Zawadi isikusumbue. Hawana desturi ya mahari ya kumkamua baba wa binti. Mgeni hutoa noti ndogo au sarafu anapobariki, na bahasha ya wastani. Kanga moja pea, yenye jina zuri, na ukimtafsiria rafiki yako maandishi yake, itakaa naye kuliko bahasha. Ukipewa tambuu na popoo wakati wa kuaga, pokea kwa mkono wa kulia. Huna haja ya kutafuna, ingawa bibi yako Tanga asingekuelewa.

Mambo mawili ya safari. Kodagu haina reli; utapanda basi au gari kutoka Mysuru, na kona za mwisho hukoroga tumbo, kwa hiyo usishibe sana kabla. Na kwa kuwa utalala kwenye nyumba ya mtu, mwenyeji anapaswa kumwandikisha mgeni wa nje serikalini. Wenyeji wengi wa majumbani hawalijui hilo. Pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwenu, ana kwa ana, uulize wanavyotaka ifanywe kabla hujaondoka. Jambo hili usiliache kwa majibu ya mtu wa mbali kama mimi.

Na ukifika, jiandae kwa swali moja ambalo kila mzee atakuuliza kabla hata ya jina lako: wa ukoo gani? Wao hawawezi kumweka mtu mahali pake mpaka wajue nyumba yake. Usijibu "natoka Tanzania". Taja ukoo wa baba yako, na kijiji chenu, na kama unamjua babu wa mwanzo mtaje naye. Watakuuliza upande wa mama pia, kwa hiyo mpigie simu shangazi yako kabla ya kuondoka.